Je, kubadilisha gari kuukuu kunayafaa mazingira?

MTU anapotamani gari jipya, aghalabu hujitetea kwa kusema kwamba lile kuukuu linachafua hewa. Huenda anasema kweli, lakini wahenga walinena kuwa kipya kinyemi ingawa kidonda. Yafaa hesabu ifanywe kwanza.

Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takriban kilo 2.3 za gesi ya kaboni. Chukulia kwamba gari lako huenda kilomita 10 kwa lita, na jipya lingeenda kilomita 15. Ukisafiri kilomita 10,000 kwa mwaka, utaokoa lita 333 hivi, yaani takriban kilo 770 za gesi hiyo.

Kwa upande wa pili, kuyeyusha chuma, kuunda vipuri na kulisafirisha gari jipya hutoa tani kadhaa za gesi hata kabla halijaguswa na mnunuzi. Tukikadiria tani 6, itakuchukua karibu miaka 8 kulilipa deni hilo. Dereva wa teksi anayekwenda kilomita 50,000 kwa mwaka atalilipa kwa muda usiozidi miaka 2. Hivyo basi, jambo la kwanza la kuuliza si umri wa gari bali ni umbali linaokwenda.

Nchini Kenya kuna la ziada. Magari mengi yanayoingia kupitia bandari ya Mombasa yametumika ng'ambo, hasa Japani, na kanuni zinataka yasiwe yamepita umri wa miaka 8. Sehemu kubwa ya deni la kiwandani ilikwisha kuwekwa. Hata hivyo, gari unaloliuza hununuliwa na mwingine, likaendelea kufuka moshi. Marekani ilipowapa wananchi ruzuku ya kubadilisha magari mnamo 2009, iliamuru injini za yale ya zamani ziharibiwe ili yasirejee barabarani.

Suala la moshi mweusi halingoji hesabu ya miaka. Masizi ya injini ya dizeli hudhuru mapafu ya wapita njia. Mara nyingi tatizo ni nozeli mbovu au kichujio cha hewa kilichoziba, kasoro ambazo fundi anaweza kuzirekebisha. Ikiwa injini yenyewe imechakaa kupita kiasi, gari hilo listaafishwe.

Kuhusu gari la umeme, betri yake huongeza deni la kiwandani. Lakini sehemu kubwa ya umeme wa Kenya hutokana na mvuke wa ardhini kule Olkaria, nguvu za maji na upepo, hivyo deni hilo hulipika upesi kwa anayesafiri sana.

Kwa mwenye kutumia gari mara chache, lililo bora ni kulitunza alilo nalo: abadilishe oili kwa wakati, ajaze magurudumu upepo unaofaa, na aliache nyumbani anapoweza kwenda kwa miguu.