Ni Nani Asemaye Katika Wimbo? Nyimbo za Ujana katika Shule za Kati za Japani

Mwaka wa masomo nchini Japani huanza Aprili na kumalizika Machi. Kila ifikapo Machi, vijana wa miaka 15 husimama katika kumbi za shule zao za kati wakaagana kwa wimbo na walimu wao na wenzao. Desturi hii imepita karne moja, lakini nyimbo zenyewe zimebadilika sana. Katika makala haya tutazitazama kwa utaratibu wa miaka, huku tukijiuliza swali ambalo kila mwalimu wa lugha hulijua: ni nani asemaye hapa, na anasema na nani?

Sheria ya elimu ya mwaka 1872, iliyoanzisha shule za kisasa nchini humo, ililitaja somo la kuimba, lakini ikaongeza kwamba kwa wakati ule lisifundishwe kwanza. Mwaka 1879 Wizara ya Elimu iliunda idara ya kuchunguza muziki, chini ya Isawa Shuji, aliyekuwa amesomea ualimu Marekani. Mwaka uliofuata alikaribishwa Luther Whiting Mason, mwalimu wa muziki kutoka Boston, akakaa hadi 1882. Matunda ya kazi hiyo yalikuwa kitabu cha nyimbo za shule za msingi cha juzuu tatu, kilichokamilika mwaka 1884.

Njia waliyoitumia mara nyingi ilikuwa kutwaa mahadhi ya kigeni na kuyavika maneno ya Kijapani. Wimbo wa kuagana uitwao "Hotaru no hikari", yaani mwanga wa vimulimuli, una mahadhi ya Uskoti. Mwingine, "Aogeba totoshi", ambao mwanafunzi humshukuru mwalimu wake, haukujulikana asili ya mahadhi yake mpaka mwaka 2011, mtafiti mmoja alipoyakuta katika kitabu cha nyimbo cha Kimarekani cha mwaka 1871. Jambo hili lisitushangaze. Wimbo wa taifa wa Tanzania nao una maneno ya Kiswahili juu ya mahadhi yaliyotungwa Afrika Kusini na Enoch Sontonga mwaka 1897. Mahadhi hayana pasipoti. Maneno ndiyo yenye kwao.

Na maneno hayo ya Kijapani yalikuwa ya nani? Aliyeimba ni mtoto, lakini aliyeandika ni ofisa. Tena lugha iliyotumika ilikuwa ya kale, lugha ya vitabu vya washairi, si ya nyumbani wala ya uwanjani. Miaka ilipopita, vijana wakaendelea kuimba wasiyoyaelewa. Neno la kale lenye maana ya "upesi sana", lililosemwa juu ya miaka iliyopita, wengi walilisikia kama neno la kutaja kipenzi. Kinywa kilishukuru, akili ikabaki nje ya mlango.

Mwaka 1901 Shule ya Muziki ya Tokyo ilitoa kitabu cha nyimbo kwa ajili ya shule za kati, ambazo wakati huo zilikuwa za wavulana wachache tu. Humo ndimo ulimotokea "Kojo no tsuki", wimbo wa mwezi juu ya magofu ya ngome. Maneno ni ya mshairi Doi Bansui, na mahadhi ni ya Taki Rentaro, kijana aliyefariki mwaka 1903 kabla hajatimiza miaka 24. Hapa palikuwa na hatua kubwa, kwani Mjapani alitunga mahadhi yake mwenyewe. Hata hivyo, tazameni kile alichopewa kijana akiimbe: huzuni ya utukufu uliopita. Ujana uliazimwa macho ya uzee.

Kisha ikaja vita, na nyimbo za shule zikaandikishwa jeshini. Hata ule wimbo wa vimulimuli ulikuwa na beti za mwisho zilizotaja mipaka ya dola na wajibu wa kuilinda. Baada ya kushindwa kwa Japani mwaka 1945, wanafunzi waliamriwa kufuta kwa wino mweusi sehemu za vitabu vyao walizokuwa wamefundishwa kuziheshimu. Beti zile za mipaka zikaachwa. Zile za kuagana zikabaki.

Sheria za mwaka 1947 zilileta shule ya kati mpya: miaka mitatu baada ya sita ya msingi, ya lazima kwa wavulana na wasichana pia. Kuaga kukawa na uzito mwingine, kwa maana kwa wengi huo ndio ulikuwa mwisho wa masomo. Mwaka 1950 walioendelea na shule ya juu hawakufika nusu. Katika miaka ya 1950 na 1960 treni maalumu ziliwachukua vijana wa miaka 15 kutoka mikoa ya kaskazini hadi stesheni ya Ueno, Tokyo, wakaingie viwandani na madukani. Waajiri waliwaita "mayai ya dhahabu". Aliyeimba wimbo wa kuaga wiki ile, wiki ya pili alikuwa kibarua ugenini. Kufikia 1974, zaidi ya tisa katika kila kumi waliendelea na masomo, na treni zile zikakaribia mwisho wake.

Wimbo uliokuja kuenea kuliko nyingi haukutoka wizarani. Ulizaliwa mwaka 1991 katika Shule ya Kati ya Kagemori, huko Chichibu, mkoa wa Saitama. Mwalimu mkuu, Kojima Noboru, alikuwa ameikuta shule yenye vurugu, akaazimia kuitengeneza kwa kuimba. Mwalimu wa muziki, Sakamoto Hiromi, alimwomba aandike maneno, naye akatunga mahadhi. Walimu wakawaimbia wanafunzi waliokuwa wakihitimu, wimbo wa kuwaaga mara moja tu. Ukaitwa "Tabidachi no hi ni", yaani siku ya kuanza safari. Baadaye ulichapishwa katika jarida la walimu wa muziki, ukapita shule hata shule mpaka nchi nzima ikaujua. Lugha yake ni ya leo, na asemaye ni mwalimu anayewatazama wanafunzi wake kwa majina.

Hatua ya mwisho tutakayoitaja ni ya mwaka 2008. Katika mashindano ya kuimba ya shule yanayoandaliwa na shirika la utangazaji la NHK, shule za kati zilipewa wimbo wa Angela Aki uitwao "Tegami", yaani barua. Mtunzi huyo alikuwa ameandika barua katika ujana wake, akiielekeza kwake mwenyewe atakapokuwa mtu mzima. Katika wimbo, kijana wa miaka 15 anaandika shida zake, na mtu mzima aliye ndani yake anamjibu. Hapa kijana hamshukuru mtu wala hapokei amri. Anauliza, na anastahili jibu.

Basi, katika muda wa miaka 130 hivi, sauti imehama kutoka kwa ofisa kwenda kwa mwalimu, na kutoka kwa mwalimu kwenda kwa kijana mwenyewe. Hatusemi kwamba nyimbo za kale zitupwe. Wazee wengi wa Japani bado hutokwa na machozi wazisikiapo, na Kijapani cha kale ni urithi unaostahili kufundishwa. Lakini ufundishwe, usikaririshwe tu. Sisi tunaofundisha Kiswahili kwa watoto ambao wengi wao hawakinyonyi kwa mama zao tunajua jinsi ilivyo rahisi kusikia darasa zima likiimba vizuri neno ambalo hakuna aliyelielewa. Wimbo ujao tutakaoufundisha, tuwaulize kwanza wanafunzi: ni nani asemaye humu? Wakiweza kusema "ni mimi", wimbo huo umekwisha kuwa wao.