Riwaya ya mapenzi ya kiimani

Riwaya ya mapenzi ya kiimani ni aina ya riwaya ya mapenzi ambamo safari ya wapendanao wawili inakwenda sambamba na safari ya imani ya mmoja wao au ya wote wawili. Kwa kawaida imani hiyo ni ya Kikristo, hasa ya Waprotestanti wa kiinjili, kwa sababu utanzu huu ulikulia Marekani na Kanada katika nyumba za uchapishaji za Wakristo wa kundi hilo. Riwaya zenye sura hiyohiyo zimeandikwa pia na Waislamu, ingawa mara nyingi huuzwa kwa jina lingine.

Utanzu huu una waandishi wengi na mfululizo mwingi wa vitabu, hivyo msomaji anayeuingia kwa mara ya kwanza hutegemea sana mapendekezo ya wengine. Mapendekezo hayo hubeba uzito kuliko katika aina nyingine za riwaya, kwani anayependekeza hasemi tu kwamba kitabu kinapendeza, bali pia kwamba kinaweza kusomwa na binti, mama au mke wa mchungaji bila aibu.

Sifa

Kama riwaya nyingine za mapenzi, hadithi huishia kwa furaha, na karibu kila mara furaha hiyo ni ndoa. Kinachoitofautisha ni uzi wa tatu. Pamoja na hadithi ya mwanamume na hadithi ya mwanamke, kuna swali la kiroho ambalo lazima lijibiwe kabla wawili hao hawajaungana: msamaha unaokataliwa, huzuni iliyomfanya mtu aache kusali, au dhambi ya zamani ambayo mhusika anaamini haifutiki. Swali hilo likiondolewa na hadithi ikabaki vilevile, kitabu hicho ni riwaya ya mapenzi ya kawaida ambayo wahusika wake huenda kanisani.

Mapenzi ya kimwili hayasimuliwi waziwazi. Busu linaweza kusubiriwa kwa sura ishirini, na mwandishi hodari hulifanya lisubirike. Matusi hayatumiwi, na kwa wachapishaji wengi ulevi na kamari havipewi sura nzuri.

Historia

Grace Livingston Hill (1865–1947) wa Marekani hutajwa mara nyingi kama mama wa utanzu huu. Alizaliwa katika familia ya wachungaji na waandishi; shangazi yake, Isabella Macdonald Alden, alijulikana sana kwa jina la kalamu la Pansy. Mume wake wa kwanza alifariki mwaka 1899 na kumwachia mabinti wawili, naye akawalea kwa kipato cha uandishi. Aliandika vitabu zaidi ya 100, vingi vikimhusu msichana mwema aliye katika shida na kijana anayeguswa na imani yake.

Mwaka 1967 ilitoka Christy ya Catherine Marshall, riwaya ya mwalimu kijana katika milima ya Appalachia. Haikuandikwa kama riwaya ya mapenzi hasa, lakini ilionyesha kwamba kitabu cha imani kinaweza kupendwa na umma mpana. Mwaka 1979 mchapishaji Bethany House wa Minnesota alitoa Love Comes Softly ya Janette Oke, mwandishi wa Kanada aliyezaliwa mwaka 1935. Marty, msichana mjamzito aliyefiwa na mume wake safarini kuelekea magharibi, anaolewa na Clark, mgane mwenye mtoto mdogo, kwa sababu tu hana pa kwenda. Upendo unakuja baadaye, polepole, kama jina la kitabu linavyosema. Kitabu hicho kilifuatwa na vingine saba, na mafanikio yake yaliwafanya wachapishaji wengine wa Kikristo kutafuta waandishi wa aina hiyo. Filamu yake ilitoka mwaka 2003. Kitabu kingine cha Oke, When Calls the Heart cha mwaka 1983, ndicho chanzo cha tamthilia ya televisheni ya jina hilo iliyoanza mwaka 2014.

Harlequin, kampuni kubwa ya riwaya za mapenzi, ilianzisha mfululizo wa Love Inspired mwaka 1997. Mwaka huohuo Beverly Lewis alitoa The Shunning, kuhusu msichana wa jamii ya Waamishi wa Pennsylvania, na kikafungua mlango wa riwaya nyingi za Waamishi. Harlequin ilinunuliwa mwaka 2014 na HarperCollins, iliyokuwa tayari inamiliki Zondervan na Thomas Nelson. Kwa hiyo majina kadhaa yanayoonekana kushindana kwenye rafu ni ya tajiri mmoja.

Mfano wa Francine Rivers

Francine Rivers, aliyezaliwa mwaka 1947, aliandika kwanza riwaya za mapenzi za kawaida, zenye mambo ya chumbani. Katika miaka ya 1980 aligeukia imani ya Kikristo na akashindwa kuandika kwa muda. Kitabu kilichofuata, Redeeming Love, kilitoka mwaka 1991 kwa mchapishaji wa kawaida, Bantam, kisha kikatolewa upya mwaka 1997 na Multnomah, mchapishaji wa Kikristo. Toleo hilo la pili ndilo lililoenea. Hadithi inachukua kisa cha nabii Hosea, aliyeagizwa kumwoa mwanamke kahaba, na kukipeleka California ya miaka ya 1850, wakati watu walipokimbilia dhahabu. Angel, aliyeuzwa danguroni akiwa mtoto, anaolewa na mkulima Michael Hosea, anamtoroka, anarudishwa, na kumtoroka tena. Filamu yake ilitoka mwaka 2022.

Mfano huu unaonyesha kwa nini jina la mwandishi peke yake halitoshi kuwa pendekezo. Anayeambiwa “soma Francine Rivers” na kuokota kitabu chake cha mapema kwenye meza ya vitabu vya mtumba atapata kitu tofauti kabisa na alichoahidiwa. Hata Redeeming Love yenyewe huwagawa wasomaji. Wengine huiona hadithi ya neema isiyochoka. Wengine husema kwamba ukatili dhidi ya mtoto unaosimuliwa humo ni mzito mno kwa msomaji kijana, au kwamba mume anayemfuata mke aliyetoroka si kielelezo kizuri. Anayeipendekeza bila kutaja hayo anamficha mwenzake jambo la maana.

Namna waandishi wapya wanavyojulikana

Kwa miaka mingi njia kuu ilikuwa duka la vitabu vya Kikristo pamoja na maktaba ya kanisa. Muuzaji aliwajua wateja wake na aliweza kumwekea mmoja kitabu kipya chini ya kaunta. Njia hiyo imefifia. Family Christian Stores, iliyokuwa na maduka takriban 240 Marekani, ilifunga yote mwaka 2017, na LifeWay ilifunga takriban 170 mwaka 2019. Jarida la Romantic Times, lililoanza mwaka 1981 na kuwa na tahakiki za riwaya za kiimani pamoja na nyingine, lilikoma mwaka 2018. Waandishi wenye majina makubwa hawakuumia sana, kwa sababu vitabu vyao viko pia katika maduka makubwa ya bidhaa za kawaida. Aliyeumia zaidi ni mwandishi wa kitabu cha kwanza, ambaye alihitaji mtu wa kumshika msomaji mkono.

Sehemu ya kazi hiyo imehamia intaneti, katika tovuti za wasomaji kama Goodreads, iliyofunguliwa mwaka 2007, na katika video fupi za wasomaji vijana. Wakutubi nao hutumia kanuni ya zamani: kama ulimpenda huyu, mjaribu yule. Kanuni hiyo hufaa pale anayeulizwa anapotambua ni kitu gani hasa kilichompendeza msomaji. Mpenzi wa Beverly Lewis anayetaka maisha ya Waamishi huelekezwa kwa Wanda Brunstetter. Aliyependa mfululizo wa O'Malley wa Dee Henderson, wenye upelelezi na hatari, humfaa Lynette Eason au Irene Hannon. Aliyevutiwa na Rivers kwa sababu ya wanawake wa Biblia anaweza kujaribu Tessa Afshar, mzaliwa wa Iran anayeandika kwa Kiingereza. Kitabu chake Pearl in the Sand cha mwaka 2010 kinamhusu Rahabu wa Yeriko, ambaye Rivers pia alimwandikia kitabu kifupi, Unashamed. Kuvisoma viwili hivyo pamoja ni njia nzuri ya kuona jinsi waandishi wawili wanavyoweza kuanzia mistari ileile ya kitabu cha Yoshua na kufika mahali tofauti.

Wachapishaji wana mbinu zao. Barbour hutoa majuzuu yenye hadithi fupi kadhaa za waandishi mbalimbali, ili anayenunua kwa ajili ya jina analolijua akutane na majina asiyoyajua. Sifa za jalada, ambapo mwandishi maarufu humsifu mgeni, ni ushahidi hafifu zaidi, kwani mara nyingi wote wawili wako kwa mchapishaji mmoja.

Mifululizo huleta ugumu wake. Katika Afrika Mashariki riwaya hizi husomwa kwa Kiingereza, na nakala nyingi hupatikana kwa mkono wa pili, kwa wauza vitabu wa mitaani au kwa kuazimana. Msomaji anaweza kuanza na kitabu cha sita cha Love Comes Softly na kujua nani ameolewa na nani kabla ya uchumba wao. Aliyetangulia kusoma hufanya vyema kutaja kitabu cha kuanzia.

Tuzo na ubishi

Tuzo nazo ni aina ya pendekezo. Tuzo za Christy, zilizopewa jina la riwaya ya Marshall, zilianzishwa mwaka 1999. Chama cha American Christian Fiction Writers, kilichoanza mwaka 2000 kama chama cha waandishi wa mapenzi pekee, hutoa Tuzo ya Carol, iliyopewa jina la Carol Johnson, mhariri wa Bethany House. Chama hicho pia huendesha shindano la Genesis kwa wasiochapishwa bado, na ni mahali pazuri pa kuona majina yajayo.

Chama cha waandishi wa mapenzi wa Marekani, Romance Writers of America, kilikuwa na kipengele cha riwaya za kiimani katika tuzo zake, na hapo ndipo ubishi mkubwa ulipozuka. Mwaka 2015 For Such a Time ya Kate Breslin iliingia fainali za Tuzo ya RITA katika vipengele viwili. Inakihamisha kisa cha Esta hadi kambi ya Theresienstadt, ambako mwanamke Myahudi anapendana na kamanda wa Kinazi. Haikushinda, lakini wakosoaji, wakiwemo Wayahudi, waliuliza ilikuwaje waamuzi wakaona hadithi hiyo inafaa kusifiwa.

Miaka sita baadaye jambo kama hilo lilirudi. Tuzo ya RITA ilikuwa imebadilishwa na Tuzo ya Vivian, iliyopewa jina la Vivian Stephens, mhariri Mmarekani mweusi aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama mwaka 1980. Mwaka 2021 kipengele cha kiimani kilishindwa na At Love's Command ya Karen Witemeyer. Shujaa wake ni askari wa farasi aliyeshiriki mauaji ya Wounded Knee ya tarehe 29 Desemba 1890, ambapo jeshi la Marekani liliua zaidi ya Walakota 250, wakiwemo wanawake na watoto. Watetezi walisema shujaa anatubu, na toba ndiyo kiini cha utanzu huu. Wakosoaji walijibu kwamba waliouawa wamegeuzwa kuwa ngazi ya kumfikisha muuaji kwenye wokovu na ndoa, na kwamba wao hawana sauti katika kitabu. Hoja ya pili ina nguvu zaidi, kwa sababu msamaha katika hadithi ya namna hii hutolewa na watu ambao hawakudhurika. Chama kiliiondoa tuzo hiyo siku chache baada ya kuitangaza.

Orodha za washindi zina upungufu mwingine unaomhusu anayezitumia kutafuta waandishi wapya. Hadi mwaka 2019 hakuna mwandishi mweusi aliyewahi kushinda Tuzo ya RITA katika kipengele chochote, ingawa ilikuwa imetolewa kwa miongo kadhaa.

Riwaya za Waislamu

Katika The Translator ya Leila Aboulela wa Sudan, iliyotoka mwaka 1999, mjane Msudani aishiye Aberdeen, Uskoti, anampenda msomi wa huko ambaye si Mwislamu. Wanaweza kuoana tu akisilimu, na swali ni kama atasilimu kwa kumpenda mwanamke au kwa kuamini. Ni uzi uleule wa tatu, uliosukwa kwa ustadi ambao vitabu vingi vya mfululizo havifikii. She Wore Red Trainers ya Na'ima B. Robert, ya mwaka 2014, inawalenga vijana. Nchini Indonesia, Ayat-Ayat Cinta ya Habiburrahman El Shirazy, ya mwaka 2004, inamhusu mwanafunzi Mwindonesia wa chuo kikuu cha Al-Azhar mjini Kairo. Filamu yake ya mwaka 2008 ilijaza kumbi za sinema nchini humo na kufuatwa na filamu nyingine nyingi za mapenzi ya Kiislamu.