Sungura, Mizani na Daftari

[Muziki wa kufungulia. Unashuka.]

MTANGAZAJI: Leo tunasimulia historia ya mnyama mdogo, na ya chombo kilichomfanya awe na faida: mizani.

Tuanzie Gisenyi, wilayani Rubavu, mji unaopakana na Goma. Julai 1994, mamia ya maelfu ya Wanyarwanda walivuka hapo kuingia Goma. Tarehe 17 Januari 2002, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka, wakazi wa Goma ndio waliokimbilia Gisenyi. Tangu 2012, Wakongo wengi waliokimbia vita wamepokelewa Nkamira, katika wilaya hiyohiyo. Anayekimbia kwa miguu haji na shamba. Akipata nafasi ya kufuga, sungura humfaa: kibanda kidogo kinatosha, majani ni chakula, na mimba ni siku 31 tu.

Sungura huyo si yule mjanja wa hadithi za bibi. Yule ni wa porini, wa jamii nyingine. Huyu wa kufugwa asili yake ni Hispania na Ureno. Waroma walimfuga ndani ya kuta. Huku Afrika aliletwa na wamisionari na wakoloni.

Kila penye dhiki watu wamemkumbuka. Uingereza, kuanzia Machi 1940 hadi Julai 1954, nyama iligawiwa kwa kadi, kama sisi tunavyoijua kadi ya mgao. Sungura hakuwa kwenye kadi, hivyo familia nyingi zilimfuga nyuma ya nyumba.

[Muziki mfupi.]

MTANGAZAJI: Wafugaji wa nyama waligundua kwamba jicho hudanganya. Manyoya huficha mifupa. Wakaanza kupima na kuandika, nao wakajifunza jambo kubwa: uzito wa kila umri una habari yake.

Mtoto wa sungura huzaliwa na gramu 50 hivi, na kwa wiki moja huongezeka mara mbili. Hadi wiki ya tatu anategemea zaidi maziwa. Kwa hiyo wafugaji walizoea kupima watoto wote wa mama mmoja pamoja siku ya 21. Uzito huo unamsema mama: ana maziwa au hana.

Baada ya kuachishwa, kwenye wiki ya 5 au ya 6, mizani inasema habari nyingine: chakula, afya na damu aliyorithi. Akila majani zaidi, anaweza kuongeza gramu 20 kwa siku, na kufika kilo 2 akiwa na miezi mitatu na nusu hivi. Wiki moja asipoongezeka, usingoje. Tazama kama anaharisha, kama wamebanana, au kama majani yalikuwa na maji. Majani ya viazi vitamu yaache kivulini yanyauke kidogo kwanza.

Akina mama mnaijua kazi hii. Kliniki mtoto hupimwa, uzito huandikwa kwenye kadi, na muuguzi huona hatari kabla mwili haujaionyesha. Sungura ni vivyo hivyo. Mpime siku ileile ya wiki, asubuhi kabla hajala, ndani ya kikapu. Toa uzito wa kikapu, kisha andika: tarehe, mama yake, gramu.

Kuna hasara isiyoonekana. Shida ikibisha hodi, tunauza yule mkubwa, kwa sababu ana bei. Anabaki mdogo, ndiye anazaa. Baada ya vizazi vichache kibanda kizima kina sungura wadogo, nasi tunalaumu mbegu. Daftari litakuambia nani alikua haraka. Huyo usimuuze; awe mzazi, ila usimpandishe na ndugu yake.

Mizani ikikosekana, vikundi vya jirani vichange vinunue moja.

[Muziki wa kufungia.]