Macho ya Utingo: Mabadiliko ya Uoni wa Dereva Gerezani tangu Enzi za UDA

Historia ya usafiri wa Dar es Salaam imezoeleka kuandikwa kama historia ya umiliki: UDA kuundwa mwaka 1974, daladala za watu binafsi kuruhusiwa mwaka 1983. Mkabala huo unaacha kando swali ambalo kwa Gerezani ni la kufa na kupona, yaani dereva alikuwa akiona nini. Hapa, ubavuni mwa soko la Kariakoo, barabara hutumiwa pia na wasukuma mikokoteni, wachukuzi na wamachinga, ambao hawana bodi ya gari ya kuwakinga.

Magari madogo ya miaka ya 1960, kama Peugeot 404, yalikuwa na nguzo nyembamba za kushikilia paa pamoja na vioo vipana. Udhaifu wa umbo hilo ni kwamba gari likipinduka, paa hubonyea kwa urahisi. Kuanzia mwaka 1973 Marekani ilitaka paa lihimili mara moja na nusu ya uzito wa gari. Mwaka 2009 ikapitisha kiwango cha mara tatu. Nguzo zikanenepa na boneti zikainuka. Vipimo vilivyochapishwa nchini humo mwaka 2025 vilionesha kwamba dereva wa Honda CR-V ya mwaka 1997 aliona asilimia 68 ya eneo la mita 10 mbele yake, ilhali wa toleo la mwaka 2022 aliona asilimia 28 tu. Nguzo nene humlinda aliye ndani. Gharama yake humwangukia aliye nje. (Kioo kidogo kinachoonekana juu ya pembe ya kushoto ya boneti za baadhi ya magari yaliyotumika Japani ni miongoni mwa vifaa vichache vilivyobuniwa kwa ajili ya huyo wa nje.)

Hata hivyo, si sahihi kudai kwamba dereva wa zamani aliona kila kitu. Ikarus la UDA lililounganishwa, maarufu kwa jina la kumbakumba, lilipokata kona lilikuwa na mkia ambao kioo cha upande wa nje hakikuweza kuufuata. Katika malori na daladala, pengo la namna hiyo lilizibwa na mtu. Utingo au konda alining'inia mlangoni, akagonga bodi, akapaza sauti: rudi, rudi, simama! Kwa cheo alikuwa mpakiaji mizigo au mkusanya nauli. Kwa vitendo alikuwa jicho la kushoto la dereva, na kazi hiyo haimo katika historia ya umiliki.

Mabasi ya mwendokasi yalianza Mei 2016, Gerezani ikiwa mojawapo ya vituo vyake vikuu. Yaliyounganishwa yana urefu wa mita 18, na nauli hulipwa kituoni, hivyo hayana konda. Dereva hubaki na vioo vyake katika njia iliyotengwa kwa dhana kwamba hakuna atakayeikatiza. Mtaa wa Msimbazi dhana hiyo huvunjwa kutwa nzima na watu wanaovuka na mizigo, na mlangoni hakuna tena wa kugonga bodi.