Winkler na Halla: nani alimbeba nani?

Tarehe 17 Juni 1956, mjini Stockholm, Hans Günter Winkler alikuwa amebakiza viunzi viwili tu kumaliza mzunguko wa kwanza wa Olimpiki. Halla, farasi jike aliyempanda, akaruka vibaya, na kishindo kikamrusha Mjerumani huyo juu ya tandiko. Aliporudi chini, msuli wa kinena ulikuwa umeumia vibaya. Kiunzi cha mwisho wakakiangusha, ikawa pointi nne za adhabu. Akashushwa, lakini kutembea hakuweza.

Michezo ya mwaka ule ilikuwa ya Melbourne, ila sheria za karantini za Australia zilizuia farasi wa kigeni, ndiyo maana mashindano ya farasi yakapelekwa Sweden miezi kadhaa kabla. Kila timu ilikuwa na wapanda farasi watatu, na alama za wote watatu zilihesabiwa. Winkler akijitoa, wenzake Fritz Thiedemann na Alfons Lütke-Westhues nao wangekuwa wametoka jasho la bure.

Madaktari walikuwa na mtihani wao. Dawa kidogo isingetuliza kitu, na dawa nyingi ingempumbaza mtu anayetakiwa kukilenga kiunzi kwa kasi. Akapandishwa hivyo hivyo. Katika mzunguko wa pili alisikika akipiga kelele za maumivu Halla alipokuwa akiruka. Miguu yake haikuwa na nguvu ya kumhimiza farasi. Alichoweza ni kumwelekeza Halla kwenye kiunzi, kisha kumwachia kazi. Halla hakuangusha hata kimoja. Winkler akapata dhahabu kwa pointi nne za adhabu, mbele ya ndugu wawili wa Italia, Raimondo d'Inzeo aliyekuwa na nane na Piero aliyekuwa na kumi na moja. Ujerumani ikachukua na dhahabu ya timu.

Tangu siku hiyo Halla ndiye shujaa wa hadithi, na Winkler anatajwa kama mzigo uliobahatika kupata mbebaji mwerevu. Hadithi inanoga zaidi ukijua Halla alikotoka. Alizaliwa mwaka 1945 kwa mfugaji mmoja wa Darmstadt, baba yake farasi wa mbio za kukokota kigari, mama yake jike asiyejulikana vizuri asili yake. Alijaribiwa katika mbio za kuruka vizuizi, akajaribiwa pia katika mashindano ya siku tatu, na kote wakamwona mkorofi, hashikiki. Mwaka 1951 ndipo akafika mikononi mwa Winkler.

Hapo ndipo hadithi inapomdhulumu mtu. Farasi ambaye wataalamu wameshindwa kumtuliza hawi na busara kwa siku moja ya Juni. Nyuma ya mzunguko ule ilikuwapo miaka mitano ya kazi.

Na kazi Winkler aliijua tangu utotoni. Alizaliwa Barmen mwaka 1926, mtoto wa mwalimu wa kupanda farasi. Vita vilimkuta kijana, akaingizwa jeshini, na baba yake akauawa vita vikielekea ukingoni. Amani iliporudi alianza upya kule Kronberg, katika mazizi ambako maofisa wa Kimarekani walikuwa wakipanda farasi, kisha akahamia Warendorf, akaishi huko hadi mwisho wa maisha yake.

Mwenye shaka bado aangalie ubingwa wa dunia alioutwaa Madrid mwaka 1954 na Aachen mwaka 1955. Enzi hizo wanne waliofika fainali walibadilishana farasi, kila mmoja akampanda wa mwenzake. Pale farasi wake mwenyewe angeweza kumsaidia mara moja tu. Raundi nyingine Winkler alikuwa juu ya mgongo wa mnyama asiyemzoea, tena wa mpinzani wake, na bado akashinda.

Halla alistaafu mwaka 1960, baada ya kuisaidia timu kupata dhahabu nyingine mjini Roma, akiwa na ushindi 125. Alizaa watoto wanane, na hakuna aliyemfikia mama yao. Alikufa mwaka 1979 akiwa na miaka 34, umri mkubwa sana kwa farasi, na shirikisho la michezo ya farasi la Ujerumani likaamua kwamba farasi mwingine wa mashindano asipewe jina lake.

Winkler aliendelea bila yeye. Tokyo mwaka 1964 alipata dhahabu ya timu akiwa na Fidelitas, Mexico mwaka 1968 shaba akiwa na Enigk, Munich mwaka 1972 dhahabu akiwa na Torphy. Akaja Montreal mwaka 1976, akabeba bendera ya Ujerumani Magharibi katika ufunguzi, akatimiza miaka 50 michezo ikiendelea, akaondoka na fedha ya timu juu ya Torphy yule yule. Alifariki Julai 2018 akiwa na miaka 91. Dhahabu zake tano za Olimpiki hazijafikiwa na mwingine yeyote katika kuruka viunzi kwa farasi, na mbili kati ya hizo Halla hakuwapo.