Mizani na Daftari: Habari za Ushirika wa Pamba wa Mwanza



Twaona yafaa kukumbusha habari za wakubwa waliotutangulia katika pwani hii ya Ziwa.

Miaka ile baada ya Vita Kuu ya Pili, mkulima wa Usukuma alipeleka pamba yake kwa mfanyabiashara, ikapimwa kwa mizani asiyoweza kuisoma, akapokea alichopewa. Ndipo wakulima walipoweka wapimaji wao wenyewe wauhakikishe uzito. Marehemu Paul Bomani, aliyekuwa katibu wa ushirika wa wafanyabiashara Waafrika mjini Mwanza, alizunguka vijijini akiwaunganisha. Vyama vya msingi vya kwanza viliandikishwa mwaka 1953. Mwaka 1955 likaundwa Shirikisho lililojulikana kwa jina la Victoria Federation. Likapata viwanda vyake vya kuchambua pamba, na kufikia 1959 pamba yote ya Jimbo la Ziwa ilinunuliwa na vyama vya ushirika. Miaka sita tu!

Lakini tulitazame jengo lenyewe. Chini kulikuwa na chama cha msingi, juu yake chama kikuu, na juu kabisa Shirikisho. Kila ngazi ilikuwa na makarani wake na ofisi zake, na gharama hizo zote zilitoka katika bei ya pamba kabla mkulima hajalipwa. Mizani aliiona mbele ya macho yake. Daftari la Mwanza hakuliona kamwe. Wenye ujuzi wa hesabu walikuwa wachache, na hodari wao waliitwa Serikalini. Bomani mwenyewe aliingia uwaziri mwaka 1960. Baada ya Uhuru vyama vikahimizwa kuongezeka upesi, hata mahali ambapo wanachama hawakuwa tayari. Lawama zikarudi palepale zilipoanzia: mkulima akamshuku mpimaji wa chama chake mwenyewe. Katika habari hizi zote, hatuoni jambo chungu kuliko hilo.

Mwaka 1966 Kamati Maalumu ya Rais ilichunguza vyama vya ushirika nchini. Ikaona kwamba wanachama hawakuelezwa mambo ya vyama vyao, watumishi wenye ujuzi hawakutosha, demokrasia ilikuwa dhaifu, na siasa iliingilia kazi. Muda mfupi baadaye Serikali ikalishika Shirikisho, na mahali pake pakawa na chama kikuu kimoja, Nyanza. Ngazi moja ilipungua, ni kweli, ila njia ya kutoka shambani hadi ofisini haikufupika. Mwaka 1976 vyama vikuu vyote vilifutwa. Sheria ya 1982 ikavirudisha, na Nyanza ikaanza upya mwaka 1984.

Katika mkutano mkuu ujao wanachama wataombwa kukubali au kukataa pendekezo la kufungua matawi mapya na kuajiri makarani zaidi, kwa gharama itakayokatwa katika kila kilo. Nakala za makisio zimekwisha pelekwa kwa makatibu wa vyama vya msingi. Twaomba zisomwe kwa sauti mbele ya wanachama wote, kabla wajumbe hawajachaguliwa.