Steringi Imekuwa Ngumu? Ugonjwa Huu Ni wa Zamani

Wadau, kabla hujauziwa pampu mpya, ijue kwanza historia yake. Mwaka 1926 mhandisi mmoja wa Marekani alifunga mfumo wa oili ya presha kwenye gari, usukani ukawa mwepesi balaa. Kampuni kubwa ikauchukua, halafu 1934 ikautosa kwa sababu ya gharama. Kilichouokoa ni vita: magari ya deraya yalikuwa mazito mno kwa mikono ya askari. Raia wakaupata 1951.

Magari mengi ya zamani yapo hapohapo: mkanda unazungusha pampu, pampu inasukuma oili. Ndiyo maana magonjwa ni yaleyale. Mlio mkali ukikata kona hadi mwisho? Mara nyingi mkanda umelegea. Pampu inanguruma na oili ina povu? Hewa imeingia, pengine oili imepungua kwa kuvuja. Panazibwa panapovuja, inajazwa oili inayotajwa kwenye kitabu cha gari, matairi ya mbele yananyanyuliwa, usukani unazungushwa taratibu kushoto kulia mpaka povu liishe. Kuongeza oili kila wiki bila kuziba ni kumwaga hela barabarani.

Na upepo mdogo kwenye tairi nao hufanya usukani uwe mzito, ila gereji nyingine hazikwambii hilo, halina hela.